Miaka Thelathini na Nne ya Mama Ivo na Waya wa Zambarau

Ijumaa ya tarehe 29 Agosti 2025, Bi. Graca Sebastiao Nandonde, Fundi Mkuu wa Umeme wa Kiwanda cha Korosho cha Namkunda, anastaafu kwa heshima baada ya utumishi wa miaka thelathini na nne kasoro siku tatu. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema miaka thelathini na nne kamili. Mwenyewe alipoisoma alichukua kalamu, akaongeza "kasoro siku tatu", akairudisha mezani kwangu. Yeyote aliyewahi kumpelekea fomu ya matengenezo yenye saa za kukisia atakuwa ameshamtambua.

Mimi ninayeandika ni Husna Rajabu wa Idara ya Ubora. Ofisi yangu na karakana yake vimetenganishwa na ukuta wa mbao, na kwa miaka kumi na sita nimesikia mengi kupitia ukuta huo. Kamati ya sherehe iliniomba nisizidishe kurasa mbili. Naomba radhi mapema.

Bi. Graca, au Mama Ivo kama tunavyomwita wengi, alizaliwa mwaka 1965 ng'ambo ya mto Ruvuma. Wazazi wake walivuka naye akiwa mgongoni, wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, wakatulia Mpapura, ambako baba yake, marehemu Mzee Sebastiao, alipanda mikorosho na mihogo. Cheti cha kuzaliwa hakikuwapo. Alipoandikishwa darasa la kwanza mwalimu aliuliza tarehe, na mama yake alikumbuka jambo moja tu, kwamba mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua. Mwalimu akaandika tarehe 30 Agosti. Ndiyo sababu anatimiza miaka sitini Jumamosi, na ndiyo sababu siku tatu zimepungua.

Alisomea umeme chuo cha ufundi, akaajiriwa hapa Jumatatu ya tarehe 2 Septemba 1991 kama fundi msaidizi, mwanamke pekee karakanani. Wiki mbili za kwanza alipewa ufagio. Wiki ya tatu mota ya mkanda wa kupandishia korosho iligoma, mafundi watatu wakaifungua na kuifunga mara mbili bila kuona kitu. Yeye, akifagia chini yake, aliokota kipande cha shaba kilichoungua, akakiweka juu ya meza ya msimamizi, akaendelea kufagia. Kesho yake ufagio ulipewa mtu mwingine.

Wageni kazini huenda hawajui kwamba kuanzia 1998 hadi 2002 kiwanda hiki kilifungwa. Mashine zilifunikwa maturubai, geti likatiwa mnyororo, wakabaki walinzi wawili na Mama Ivo, aliyeachwa kama mwangalizi wa mitambo. Kazi hiyo haikuwa na maelezo yoyote, akajitungia mwenyewe. Kila Jumatatu alipita kwenye mota zote ishirini na mbili na kuzizungusha kwa mkono, ili beringi zisigande kwa kutu ya hewa ya bahari. Alifanya hivyo miaka minne bila mtu wa kumsimamia. Siku tuliyofunguliwa tena na umeme ukawashwa, mota ishirini na moja ziliitika. Ile moja iliyogoma anaizungumzia hadi leo kama mtoto aliyefeli mtihani.

Lakini jambo ambalo litabaki na jina lake hapa Namkunda ni la mwaka jana, na ndilo nitakalolieleza kwa kirefu.

Kwa wasiofahamu, hadi mwaka jana kila mashine yetu ilikuwa na waya zake zinazokwenda hadi chumba cha udhibiti. Boila, vyungu vya mvuke, mikanda, matanuri ya kukaushia, kompresa, kila kimoja na furushi lake. Zote pamoja zilikuwa zaidi ya waya mia mbili, furushi nene kama paja la mtu mzima. Panya akitafuna waya mmoja tulitafuta siku mbili. Uongozi ukaamua kununua mfumo mpya. Mashine zote kumi na nne zingeunganishwa kwa waya mmoja tu wa mawasiliano, na mwisho wa waya huo pangekuwa na kidhibiti, sanduku lenye akili ya kuuliza kila mashine kwa zamu hali yake na kuipa amri.

Mfumo wa namna hii mafundi huuita basi, kwa kuwa waya mmoja hupita kila kituo na kubeba taarifa za wote. Hapo ndipo kituko kilipoanza. Machi mwaka jana, Issa Mchopa, mtunza stoo wetu mpendwa, alipokea karatasi ya mzigo kutoka Dar es Salaam, akaisoma, na kwa nia njema kabisa akaandika ubaoni nje ya stoo: "Vifaa vya basi vinaingia Alhamisi." Kufikia saa ya chai kiwanda kizima kilijua kwamba tumenunuliwa basi la wafanyakazi. Akina mama wa mtaa wa Ufukoni walishaanza kubishana na wa Magomeni kituo cha kwanza kiwe wapi. Alhamisi ilipofika watu waligeuza shingo kuelekea getini, na kilichoshushwa kilikuwa sanduku lisilozidi boflo mbili na robota moja la waya wa zambarau. Issa alifunga stoo mapema siku hiyo.

Mtaalamu wa kampuni iliyotuuzia alikuja Aprili. Alikaa siku mbili, akalitundika sanduku ukutani, akavuta waya wa zambarau hadi nusu ya kiwanda. Kwa ushauri wake tukang'oa furushi lote la waya za zamani. Kisha akarudi Dar es Salaam kufuata kifaa alichosahau. Mvua zikakata barabara. Barabara ilipofunguka, mtaalamu alikuwa ameshaajiriwa kwingine, na kampuni ikatujulisha kwamba mwingine angepatikana Januari.

Ilikuwa Agosti. Msimu wa kubangua ungeanza Novemba. Waya za zamani tulishazing'oa, mpya hauongei. Wabanguaji mia na themanini walikuwa nyumbani wakisubiri kuitwa, na hakuna mashine hata moja ambayo ingeweza kuzunguka.

Mama Ivo alikwenda ofisini kwa Meneja, Bw. Jafari Mnali. Mlango ulikuwa wazi na mimi nilikuwa pale na ripoti zangu za unyevu, kwa hiyo mazungumzo haya sikusimuliwa na mtu.

"Nipe ile kompyuta waliyoleta na kile kitabu chake," alisema. "Nitafunga mwenyewe."

"Mama Ivo, umewahi kufunga kitu kama hiki?"

"Sijawahi. Wewe umewahi kukaa msimu mzima bila kiwanda?"

Meneja alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi. Akafungua kabati, akampa.

Kitabu kilikuwa na lugha nane na Kiswahili hakikuwamo. Kiingereza cha Mama Ivo ni cha vipimo na majina ya vifaa, na kitabu kile kilizungumza kwa sentensi ndefu. Akakipeleka nyumbani Ufukoni kwa mumewe, Mzee Dercio, ambaye maisha yake yote ameuza vitenge pande zote mbili za Ruvuma na Kireno anakisoma vizuri. Kwa wiki sita, kila alasiri baada ya kazi, wawili hao walikaa barazani. Mzee Dercio alisoma kwa sauti maneno ambayo hayamhusu ndewe wala sikio, akiyageuza Kiswahili, na mkewe akichora kwenye daftari. Penye utata walilinganisha na Kiingereza. Mahali lugha moja ilipoficha, mara nyingi nyingine ilifichua.

Mzee Dercio ameniruhusu nisimulie siku moja katika hizo. Alifika ukurasa unaoeleza jinsi kidhibiti kinavyotawala mashine zilizo kwenye waya, akasita.

"Hapa wanasema kuna bwana mmoja na watumwa," alisema. "Kila mtumwa apewe namba yake, na asiseme mpaka aulizwe na bwana."

"Wanasema watumwa? Mashine?"

"Ndivyo walivyoandika."

Mama Ivo aliinua kalamu kutoka daftarini. "Mimi siandiki hivyo, Baba Ivo. Nitaandika muulizaji na wasikilizaji."

Na ndivyo ilivyo katika daftari lake, na ndivyo mafundi wetu wanavyosema hadi leo. Msikilizaji namba tatu ni chungu cha kwanza cha mvuke. Msikilizaji namba tisa ni tanuri la pili.

Septemba alimaliza kuvuta waya. Kila ncha aliipaka rangi yake ili asichanganye, na rangi aliyotumia ilikuwa ya kucha. Mwenye duka la vipodozi karibu na soko alimwona akinunua chupa kumi na nne za rangi tofauti, akampongeza kwa kuwa na mabinti wengi. Ana wana wawili wa kiume.

Kisha akaanza kuweka namba na kuandika programu. Matanuri mawili yalimtesa. Kidhibiti kikiyaita, yalijibu upuuzi, mara joto la nyuzi mia tisa, mara sifuri. Siku mbili alihangaika na programu. Siku ya tatu alifungua kwa bisibisi visanduku vinavyounganisha matanuri na waya, akakuta yote mawili yametoka kiwandani yamewekwa namba saba. Yakiitwa yalikuwa yanaitika kwa pamoja, kama pacha wanaogombea simu. Akageuza kiswichi kidogo cha tanuri moja, upuuzi ukaisha. Baada ya hapo vipimo vikawa vinarukaruka kila kompresa ilipowaka. Huko chanzo kilikuwa yule mtaalamu, aliyelaza waya wa mawasiliano sambamba na kebo nene ya umeme wa mota. Akaung'oa mita arobaini akaupitisha ukuta wa pili. Nilimsikia kupitia mbao akihesabu vibanio kwa Kimakonde, kama afanyavyo kazi inapomkaba.

Mwishoni mwa Oktoba mashine zote kumi na nne zilikuwa zikijibu. Meneja akatangaza kwamba tungefungua Jumatatu ya tarehe 4 Novemba. Watu wakaitwa.

Jumamosi ya tarehe 2, tulikusanyika chumba cha udhibiti kwa jaribio la mwisho. Kila kitu kilikwenda vizuri. Mikanda ilizunguka, boila ikapandisha mvuke, skrini ikaonyesha namba zake za kijani. Meneja alishatoa kalamu ili fomu ya makabidhiano isainiwe. Mama Ivo akasema bado kitu kimoja. Aliacha mvuke kidogo uingie chungu cha kwanza, kisha akaenda nyuma ya paneli, akashika waya wa zambarau, akauchomoa.

Alitaka kuona nini kingetokea waya ukikatika. Kilichotokea ni kwamba hakuna kilichotokea, na hiyo ndiyo ilikuwa hatari. Valvu ya mvuke ilibaki wazi, ikitii amri ya mwisho iliyosikia. Skrini ilibaki na namba ya mwisho iliyopokea, shinikizo dogo, salama. Saa ya kidhibiti ikahesabu dakika zake, na zilipokwisha taa ya kijani ikawaka kumwambia mhudumu kwamba chungu kimetulia, afungue kifuniko. Wakati huohuo mvuke ulikuwa unazidi kuingia. Valvu ya dharura juu ya chungu ingefunguka shinikizo likifika juu kabisa, lakini mhudumu angeshika kifuniko kabla ya hapo.

Alifunga mvuke kwa mkono.

"Hili ni kosa langu," alisema. "Kuna sehemu kwenye mpangilio inayouliza msikilizaji afanye nini asiposikia kitu. Nimeiacha kama ilivyotoka kiwandani. Sisaini."

"Utairekebisha kesho," Meneja alisema.

"Kuna wasikilizaji kumi na nne. Kila mmoja nimwandikie lake, halafu nimjaribu mara tatu. Alhamisi."

"Mama Ivo, watu mia na themanini wanakuja Jumatatu. Wengine wametoka vijijini. Waya utakatika siku gani? Pengine usikatike kabisa."

"Alhamisi, Meneja."

"Na nani atawaambia?"

"Mimi."

Napenda kumtendea haki Bw. Mnali, aliyesoma aya hii na kuniambia niiache ilivyo. Alikuwa na mamlaka ya kumpa mtu mwingine kalamu ile, na mtu mwingine alikuwapo. Aliirudisha mfukoni.

Jumatatu saa moja asubuhi Mama Ivo alisimama juu ya kreti getini na kuwaeleza wabanguaji kwamba kazi ingeanza Alhamisi kwa sababu yeye amekosea na anasahihisha. Hakutaja kampuni, hakumtaja mtaalamu. Manung'uniko yalikuwa makubwa. Mtu aliyewasemea wenzake alikuwa Hawa Nachingulu, mhudumu wa vyungu vya mvuke, ambaye wote tunajua kwamba maneno hayamkai kinywani.

"Tumekaa miezi, sasa unatuambia siku tatu tena," alisema. "Mashine zako unazionea huruma kuliko sisi?"

"Chungu kile, Hawa, anakifungua nani?"

"Mimi."

"Basi nipe siku tatu. Ukitaka kunitukana nitukane, nipo karakanani."

Hawa aliondoka bila kuaga. Wengine walikaa chini ya ukuta hadi saa nne, kana kwamba mtu angebadilisha mawazo.

Siku hizo tatu sikumwona Mama Ivo akila chakula cha mchana. Kila msikilizaji alipewa maagizo yake. Asiposikia sauti ya kidhibiti kwa sekunde mbili, valvu za mvuke zifunge, za kutolea hewa zifunguke, mikanda isimame, matanuri yazime moto lakini feni ziendelee. Skrini nayo, ikikosa habari, isionyeshe namba yoyote, iwe nyekundu tupu. Baadaye akashuka stoo, akamwomba Issa zile geji za mshale za zamani, za kupimia shinikizo, tulizokuwa tumezitupa kwenye kreti, akazisafisha na kuzifunga tena juu ya kila chungu. Nilimuuliza za nini wakati tuna skrini mpya. Akasema mshale unasukumwa na mvuke wenyewe, haumsubiri mtu wa kuuhadithia.

Alhamisi ya tarehe 7 Novemba alisaini, na tukaanza.

Jumanne ya tarehe 26 mwezi huohuo, saa nne na robo asubuhi, foklifti iliyokuwa ikirudi nyuma na magunia ilikwangua ukuta wa idara ya mvuke na kung'oa waya wa zambarau pamoja na vishikizo vyake. Nilikuwa hatua kumi na tano kutoka pale, nikichukua sampuli. Chungu cha kwanza kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza kupokea mvuke. Nilisikia valvu ikijifunga, paa, kisha mlio mrefu wa mvuke ukitoka juu ya bomba la paa. Mikanda ikasimama. Skrini ikawa nyekundu. Hawa alikuwa mbele ya chungu, glovu mkononi. Aliangalia skrini, akaangalia mshale wa geji ukishuka taratibu mpaka sifuri, akarudi nyuma hatua mbili, akaketi juu ya gunia.

Hakuna aliyeumia. Tulipoteza saa tatu za kazi na waya mita sita.

Mama Ivo alipofika alikwenda kwanza kwa Hawa, akamgeuza mikono, akaikagua mmoja mmoja kama mama anayemkagua mtoto aliyeanguka.

"Lile neno la getini," Hawa alianza.

"Lipi? Pale palikuwa na maneno mengi."

"Nililosema."

"Kanywe maji, mwanangu. Kaa upepo ukupige. Mimi nashughulikia waya."

Ndipo Hawa alipolia, na baada ya hapo akacheka, na wote waliosimama pale wakapata ruhusa ya kupumua. Tangu siku hiyo, chai ya saa nne ya Mama Ivo hutoka kwenye chupa ya Hawa, yenye tangawizi nyingi kuliko daktari angependa.

Meneja alimwita ofisini jioni ile. Walichozungumza sijui, maana mlango safari hii ulifungwa. Ninachojua ni kwamba wiki iliyofuata kulitoka tangazo kwamba hakuna mashine mpya itakayoanza kazi Namkunda bila fundi kuchomoa waya wake kwanza mbele ya mashahidi. Tangazo lina sahihi ya Meneja. Lugha yake ni ya Mama Ivo.

Mengine nitayapitisha haraka. Amewafundisha kazi mafundi kumi na tisa, na wanne kati yao ni wanawake. Daftari la barazani amelinakili upya, kurasa mia moja na kumi na mbili za Kiswahili safi, na nakala moja imewekwa kila paneli. Ni mpiga ngoma wa kwaya ya parokia, na waliomwona hawaamini kuwa ni mtu yuleyule anayetembea kiwandani kwa utaratibu kama anayepima sakafu. Hajawahi kukubali kompyuta ya karakana iwekwe juu ya meza ya kulia samaki. Na jioni, akitembea Shangani na Mzee Dercio, husimama mbele ya kila nguzo ya umeme yenye waya unaoning'inia na kumsema kwa jina aliyeufunga.

Kuna kasoro pia, maana napaswa kusema kweli. Hawezi kusikia mota ikiunguruma vibaya akaendelea na mazungumzo. Amewahi kutoka katikati ya harusi ya binti wa Issa kwenda kulegeza mkanda wa jenereta la ukumbi, akiwa na gauni la hariri, akarudi na mikono myeusi kupiga picha na maharusi. Kwa miaka yote hii hatujawahi kumwona akikaa wakati kitu kimesimama.

Ndiyo sababu lazima niwasimulie ya Jumanne wiki hii.

Tunamalizia korosho za msimu uliopita na mashine zilikuwa zikienda vizuri. Saa nne Mama Ivo alikuwa karakanani na kikombe chake, mimi nikiwa nimepitia kumwonyesha rasimu hii. Ghafla kiwanda kikanyamaza. Mikanda yote ilisimama. Kila mtu alifanya tulichozoea kufanya, akageuza uso kuelekea karakana. Msimamizi wa zamu alikuja mbio hadi mlangoni.

"Mama Ivo, imesimama yote!"

"Nimesikia," alisema, akapuliza chai yake.

Zuhura Litunu, fundi aliyeachiwa nafasi yake, alikuwa ameshachukua daftari na kipimo akatoka. Kupitia dirisha nilimwona akipita kituo kimoja hadi kingine bila kukimbia. Akachomoa, akapima, akarudisha, akasogea. Nilimtazama Mama Ivo. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika ukingo wa meza kwa nguvu hata vidole vilipauka. Lakini hakusimama. Msimamizi aliuliza tena kama asingekwenda walau kutazama.

"Akiniita nitakwenda," alisema.

Hakuitwa. Baada ya dakika kumi na moja, ambazo alizipima kwa saa ya ukutani, mikanda ilianza kuzunguka na mlio wa kiwanda ukarudi. Zuhura alipita mlangoni, jasho likimtoka, akasema kiunganishi cha tanuri la pili kililegea, amekibadilisha, ameandika. Mama Ivo aliitikia kwa kichwa. Akauachia ukingo wa meza, akanywa chai yake yote mpaka chini, akaniambia kwamba leo Hawa amesahau sukari.

Mama Ivo, kwa niaba ya uongozi, mafundi, wabanguaji, stoo, na jirani yako wa ukuta wa mbao, ahsante. Ahsante kwa mota ulizozungusha pasipo mtu kukuona, kwa Alhamisi ile uliyoing'ang'ania, na kwa kila mkono uliofungua chungu salama kwa sababu yako. Shukrani zetu zimfikie pia Mzee Dercio, aliyetusomea kitabu kizima bila kulipwa hata kikombe cha kahawa.

Tunajua nyumba ya Mpapura imekamilika na mikorosho yako imeanza maua. Mungu akupe afya ya kuiona ikizaa miaka mingi, usingizi mzuri, na majirani wenye nyaya zilizofungwa vizuri. Tumekubaliana sote, na Zuhura ndiye aliyetuapisha, kwamba hakuna atakayekupigia simu kwa habari ya mashine. Tutakupigia kukusalimu tu. Ukisikia mlio wa kiwanda nyuma ya sauti zetu, mama, jua kwamba kinazunguka, na uendelee kukaa.